SIMU IMEPOTEA NA BETRI IMEKWISHA: UFANYE NINI?

Ndugu mkazi wa Kakuma na Kalobeyei,

Katika mikutano ya bloku swali hili huulizwa mara kwa mara: "Simu yangu imepotea, na mara ya mwisho nilipoitazama ilikuwa karibu kuzima. Nikiipigia, ni mteja. Je, inaweza kupatikana?" Wengine hujibiwa kwamba simu iliyokwisha chaji haitafutiki, wasijisumbue. Wengine huambiwa kwamba yuko mtu mwenye kompyuta awezaye kuiona popote ilipo, mradi alipwe. Majibu yote mawili si sahihi, na yote mawili huwagharimu watu.

Hapa kambini simu si chombo cha starehe tu. Mwaka 2015 Bamba Chakula ilipoanza kupitia laini za Safaricom, simu iliingia hata katika mambo ya chakula cha nyumbani. Ndani ya simu mna M-Pesa, nambari za ndugu walioko Bukavu, Bujumbura, Juba na ng'ambo, picha ya manifesti na ya vyeti vya shule, na picha za watu ambao pengine hatutawaona tena. Ofisi nazo hupiga nambari hiyo hiyo zinapokuhitaji kwa mahojiano. Kwa hiyo anayepoteza simu hapotezi bei ya dukani peke yake.

Makala haya yanaeleza yanayowezekana na yasiyowezekana. Jambo kuu la kushika ni hili: simu isiyo na chaji haiwezi kukuitikia, lakini pia haiwezi kumfaa aliyeiokota mpaka aipeleke penye umeme. Na hapa kwetu, penye umeme panajulikana.

KWA NINI SIMU ILIYOZIMA HAIONEKANI?

Watu wengi hudhani kwamba setilaiti huitazama simu kutoka juu, kama mwewe anavyotazama kifaranga. Sivyo. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, kama redio inavyotangaza habari. Simu husikiliza matangazo hayo na kujipigia hesabu yenyewe ya mahali ilipo. Setilaiti haijui hata kwamba simu yako ipo. Ili mtu mwingine ajue simu iko wapi, ni lazima simu yenyewe itume habari hiyo kwa njia ya intaneti.

Mnara wa simu nao una kazi yake. Simu iliyo hai huuarifu mnara kwamba ipo, ndiyo maana ukipigiwa, mlio hukufikia. Lakini mnara haujui mlango wa nyumba. Mnara wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo mbali hata kilomita 35.

Betri inapokwisha, masikio na mdomo wa simu hufungwa pamoja. Haisikii setilaiti na haisemi na mnara. Hata alamu ya asubuhi haitalia. Hata hivyo kilichomo ndani hakifutiki. Picha, nambari na ujumbe hukaa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme, kama maandishi yanavyokaa katika daftari lililofungwa. Simu ikipatikana baada ya mwezi na kuchajiwa, utayakuta.

Ziko simu chache ambazo hubakiza nguvu kidogo kwa ajili ya kutafutwa. iPhone nyingi kuanzia toleo la 11, zenye iOS 15 ya mwaka 2021 au iliyo mpya zaidi, huendelea kutoa ishara ndogo ya Bluetooth kwa saa kadhaa baada ya kuzima. Simu za Google Pixel kuanzia toleo la 8, la mwaka 2023, nazo zinaweza hivyo. Lakini ishara hiyo yahitaji simu nyingine inayoweza kuisikia ipite karibu, kisha iipeleke habari kwenye intaneti. Tecno, Itel na Infinix za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, hazina uwezo huo. Kwa hizo, zikizima zimezima.

HATUA YA 1: PIGA SIMU, KISHA TUMA UJUMBE

Azima simu ya jirani upige nambari yako. Ikilia, basi bado iko hai. Mwombe mwenzako aendelee kupiga huku wewe ukitembea polepole pale ulipopita. Ukisikia papo hapo kwamba mteja hapatikani, maana yake ni moja kati ya haya: chaji imekwisha, imezimwa na mtu, laini imetolewa, au iko mahali pasipo na mtandao. Kwa kupiga tu huwezi kujua ni lipi. Usiamue upesi kwamba umeibiwa.

Sasa tuma ujumbe mfupi kwenye nambari yako. Ujumbe haupotei kwa sababu simu imezima. Kampuni ya simu huuweka na kuusubirisha kwa muda, kisha huufikisha simu inapowashwa. Kabla ya kuutuma, ingia katika mipangilio ya ujumbe ya simu uliyoazima, uwashe taarifa ya kufikishwa kwa ujumbe. Simu nyingi zina mpangilio huo, hata mulika mwizi nyingi. Siku simu yako itakapowashwa ikiwa na laini ile ile, simu ya jirani itapata taarifa kwamba ujumbe umefika. Hapo ndipo pa kupiga mara moja, bila kungoja kesho.

Ujumbe wenyewe uwe wa adabu. Kwa mfano: "Hujambo. Simu hii ni yangu, imedondoka. Tafadhali piga nambari hii au mpe mwenyekiti wa bloku. Nitashukuru." Usiandike vitisho wala matusi. Aliyeokota kwa nia njema akisoma vitisho ataogopa kuirudisha. Kwa kuwa ujumbe hauhifadhiwi siku zote, tuma mwingine kila asubuhi.

WhatsApp nayo hutoa dalili. Alama moja ya vema maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika. Alama mbili maana yake simu ile imewaka na imepata intaneti.

HATUA YA 2: LINDA PESA NA LAINI

Simu iliyozima haiwezi kutoa pesa, lakini laini yaweza kuchomolewa na kutiwa katika simu nyingine. Kwa hiyo usingoje. Kwa mtumiaji wa Safaricom, piga 100 kutoka laini nyingine ya Safaricom. Mweleze mhudumu kwamba simu imepotea, umwombe afunge M-Pesa kwanza. Atakuuliza maswali ya kukutambua, kama jina na nambari ya kitambulisho ulichosajilia laini. Uwe na kadi yako mkononi. Kama laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ni lazima mtu huyo awe karibu nawe.

Hapa pana jambo la kupima. Ukichukua laini mpya yenye nambari ile ile, ile ya zamani hufa papo hapo. Pesa zako zinakuwa salama, lakini simu iliyopotea haitalia tena hata ikichajiwa, na ujumbe ulioutuma utaingia katika laini mpya. Je, ufanye lipi?

Kama una hakika kwamba umeibiwa, kwa mfano ulinyang'anywa au mfuko ulichanwa, badili laini siku hiyo hiyo. Kama unadhani umeidondosha, funga M-Pesa, lakini acha laini ya zamani iwe hai siku moja au mbili ili aliyeiokota apate kukupokea. Ikiwa nambari yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, au umeiandika ndani ya simu hiyo hiyo, usichukue nafasi hiyo. Badili laini leo.

Ukishapata laini mpya, sajili WhatsApp yako katika simu nyingine kwa nambari ile ile. Ile ya zamani itatoka yenyewe, na hakuna atakayeweza kuwaandikia ndugu zako akijifanya wewe ili aombe pesa.

HATUA YA 3: TAFUTA ALAMA YA MWISHO

Simu haiwezi kusema ilipo sasa, lakini huenda ilisema ilipokuwa kabla ya kuzima. Kwa simu za Android, fungua google.com/android/find katika simu ya mwenzako, uingie kwa akaunti yako ya Google. Kama mwenzako ana programu ya Find Hub, ambayo kabla ya mwaka 2025 iliitwa Find My Device, aifungue achague kuingia kama mgeni, kisha wewe uandike anwani yako na nywila. Kwa iPhone, fungua icloud.com/find. Huko hutadaiwa msimbo unaotumwa kwenye simu ile ile uliyoipoteza.

Ramani ikifunguka, tazama mambo mawili: mahali, na saa. Saa huandikwa kwa mtindo wa kizungu. Ikiandikwa 14:20, ni saa nane na dakika ishirini mchana. Jiulize: saa hiyo nilikuwa wapi? Kama ulikuwa bado nayo saa hiyo, basi ilipotea baadaye, na pale kwenye ramani sipo pa kuitafuta. Kama saa hiyo ulikuwa umekwisha kuondoka mahali hapo, basi simu ilibaki nyuma yako, nawe una pa kuanzia.

Huenda ramani isionyeshe kitu. Hutokea hivyo ikiwa data ilikuwa imezimwa, bando lilikuwa limekwisha, au mahali palikuwa hapajawashwa katika mipangilio. Usikate tamaa. Chukua karatasi uandike safari yako ya siku ile, saa kwa saa: bombani, kwenye mgao wa chakula, zahanati, kanisani au msikitini, hoteli ya chai, bodaboda. Andika pia mara ya mwisho uliyopiga au kupigiwa. Uliyeongea naye ana saa kamili katika simu yake. Upotevu ulitokea baada ya saa hiyo, na mara nyingi hili peke yake hupunguza safari ya siku nzima ikabaki sehemu mbili au tatu.

Katika ukurasa ule wa Google unaweza pia kuifunga simu na kuweka ujumbe wenye nambari ya kupigiwa. Agizo hilo litatekelezwa simu itakapowaka na kupata intaneti. Ipo pia amri ya kufuta kila kitu. Hiyo iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu simu ikishafutwa haitaonekana tena kwenye ramani.

HATUA YA 4: NENDA PANAPOCHAJIWA SIMU

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo inayotufaa zaidi sisi wa kambini.

Mjini, mwenye kuokota simu huichomeka ukutani nyumbani kwake na hakuna ajuaye. Hapa nyumba nyingi hazina umeme. Simu iliyokwisha chaji italala katika sanduku kama jiwe mpaka siku itakapopelekwa kibandani, kwa mwenye sola au mwenye jenereta. Kwa hiyo, badala ya kupekua kambi nzima, arifu vibanda.

Anza na vibanda vilivyo karibu na mahali ulipopotezea, kisha vya karibu na soko. Mwambie mwenye kibanda jina la simu, rangi ya kava, ufa ulioko kwenye kioo, na nambari ya IMEI kama unayo. Mwachie karatasi yenye nambari ya jirani yako. Usimfanye ajione kwamba anashukiwa. Mwambie: "Ndugu yangu, simu hii ikiletwa kwako, nisaidie kunipigia." Mwenye kibanda hapendi kibanda chake kijulikane kwa mali ya wizi, kwa hiyo wengi watasaidia. Rudi baada ya siku mbili umsalimie, kwani wateja wake ni wengi na husahau.

Wapitie pia mafundi wa simu. Simu iliyofungwa kwa nambari ya siri hupelekwa kwa fundi ifunguliwe, au huuzwa vipande vipande: kioo, betri, kava. Fundi aliyeonywa mapema atakuwa mwangalifu. Sheria ya Kenya ya Adhabu, kifungu cha 322, humhukumu pia mwenye kupokea mali ya wizi huku akijua, si mwizi peke yake.

Yafaa kujua kwamba mara nyingi kuchaji peke yake hakutoshi kuirudisha simu hewani. Mara nyingi simu iliyozima ikichomekwa huonyesha picha ya betri tu. Ni mpaka iwashwe ndipo itakaposema na mnara. Ndiyo maana mtu wa kibandani anaweza kuiona kabla ujumbe wako haujafika.

RAMANI SI SHAHIDI

Ndugu mkazi, soma sehemu hii kwa makini.

Ramani huonyesha nukta, na mara nyingi nukta hiyo huzungukwa na duara. Maana ya duara ni kwamba simu ilikuwa mahali fulani ndani yake, si lazima katikati. Mahali pa wazi GPS huweza kukosea kwa mita chache tu. Ndani ya nyumba ya mabati, au simu inapokisia kwa mnara, kosa laweza kuwa mamia ya mita. Sasa tazama bloku yako: katika mita 50 kila upande kuna milango mingapi? Nukta ikiangukia juu ya nyumba fulani haina maana kwamba simu imo ndani ya nyumba hiyo. Na ikiwa habari ni ya jana, huenda mtu alikuwa anapita tu njiani.

Kumwita mtu mwizi kwa sababu ya nukta ni jambo la hatari. Kelele ya "mwizi!" ikishapigwa haina breki. Mtu anaweza kuumizwa au kuuawa kwa kosa ambalo hakulifanya, na ugomvi wa watu wawili ukageuka kuwa ugomvi wa jamii mbili. Simu hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Kwa hiyo, kama ramani imeonyesha mahali, usiende peke yako, na usiende usiku. Mwone mwenyekiti wa bloku na walinzi wa amani wa jamii, muende pamoja mchana. Ulizeni kwa njia ya jumla: "Tumepoteza simu maeneo haya, aliyeiona atusaidie." Usiingie katika nyumba ya mtu wala usipekue mfuko wake. Kama mambo ni mazito, waachieni polisi.

JIHADHARI NA WAUZA UONGO

Atakuja mtu kukwambia kwamba kwa nambari ya simu au kwa IMEI anaweza kuiona simu iliyozima. Mwulize swali moja: inamwambiaje ilipo, na haina nguvu ya kusema? Programu na kurasa za intaneti zinazodai kutafuta simu kwa IMEI hukusanya pesa au nywila za watu.

Kampuni ya simu haimpi mtu binafsi habari za mahali simu ilipo. Ni polisi ndio huziomba, kwa utaratibu wa sheria. Na hata hao hawawezi kupata habari za sasa za simu isiyowaka. Watapata mnara wa mwisho, au mnara mpya itakapowashwa.

Akikupigia mtu asemaye, "Nimepata simu yako, nitumie pesa kwanza," mwambie mkutane mchana kwa mwenyekiti wa bloku. Kumpa aliyeokota kitu cha shukrani si vibaya, lakini kiwe mkononi, simu ikiwa imeonekana kwa macho. Usimtajie mtu yeyote nambari yako ya siri, wala msimbo unaoingia kwa ujumbe.

POLISI NA OFISI

Toa taarifa katika kituo cha polisi, upate nambari ya OB. Omba pia abstrakti, kwani huweza kuhitajika unapofuatilia laini au vitambulisho vilivyopotea pamoja na simu. Chukua risiti ya ununuzi au sanduku la simu ikiwa lipo, kwa sababu IMEI imeandikwa juu ya sanduku. IMEI ni nambari ya tarakimu 15 ya kifaa chenyewe. Haibadiliki hata laini ikibadilishwa.

Kama umepata nambari mpya ya simu, fika UNHCR wakaibadilishe katika faili yako. Usipofanya hivyo, utaitwa kwa nambari ambayo huna. Kumbuka kwamba huduma za UNHCR na mashirika yake hazilipiwi. Mtu akitumia simu yako iliyopotea kuwaomba watu pesa za kuwekwa kwenye orodha, huo ni utapeli, na utoe taarifa.

Kama umepoteza nambari za ndugu na huna njia nyingine ya kuwafikia, nenda kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, mahali wanaposhughulikia kutafuta jamaa waliopotezana.

KAMA WEWE NDIYE ULIYEOKOTA

Huenda leo unasoma haya huku simu ya mtu iko mfukoni mwako. Kuirudisha ni rahisi. Usichomoe laini, kwani hiyo ndiyo njia ya mwenyewe kukufikia. Mpeleke mwenyekiti wa bloku, au kaichaji, uiwashe na ungoje. Mwenyewe atapiga. Huna haja ya kujua nambari ya siri ili kupokea simu inayoingia. Ukibonyeza neno la dharura kwenye kioo kilichofungwa, huenda ukaona nambari ya ndugu aliyoiweka mwenyewe. Kabla ya kumkabidhi mtu asemaye ni yake, mwambie aifungue mbele yako. Mwenye simu anajua kuifungua.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali: Je, naweza kuilazimisha simu iwake kutoka mbali?
Jibu: Hapana. Bila umeme hakuna amri inayoweza kuifikia.

Swali: Simu yangu ilikuwa kimya, bila mlio. Ikiwashwa nitaipataje?
Jibu: Kama ina akaunti ya Google na imepata intaneti, amri ya kuliza kwenye ukurasa ule huifanya ilie kwa sauti kubwa kwa dakika 5, hata kama ilikuwa kimya. Kama haina intaneti, tegemea ujumbe na macho ya watu.

Swali: Nimesahau anwani ya akaunti yangu ya Google.
Jibu: Tazama katika simu ya mtu uliyewahi kumwandikia barua pepe. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na muuza simu siku ya kununua. Kama duka lipo, rudi ukamwulize. Hata akiikumbuka, ukishaingia ubadili nywila.

Swali: Nikifunga laini, je, ramani itaendelea kufanya kazi?
Jibu: Laini ikifungwa, simu haipati data kwa njia ya mnara. Kwa kawaida itaonekana ikiunganishwa na Wi-Fi.

JIANDAE LEO, SIMU IKIWA MKONONI

Hatua zote zilizotajwa ni rahisi kwa aliyejitayarisha. Kazi hizi huchukua muda mfupi:

1. Bonyeza *#06#. Andika IMEI katika daftari, si ndani ya simu hiyo.

2. Andika anwani yako ya Google au ya Apple na uhakikishe unaijua nywila. Kisha ingia katika mipangilio uone kwamba mahali na Find Hub vimewashwa.

3. Nakili nambari 10 muhimu katika karatasi: ndugu, mwenyekiti wa bloku, shule ya watoto. Karatasi haiishi chaji.

4. Weka kikaratasi ndani ya kava, nyuma ya simu, chenye jina lako la kwanza, bloku yako na nambari ya ndugu au jirani, si nambari ya simu hiyo hiyo. Simu iliyokufa haina sauti nyingine isipokuwa hii. Usiandike humo nambari ya siri.

5. Weka nambari ya siri ya kufungulia kioo. Unaweza pia kuweka PIN katika laini. Mtu akikosea PIN ya laini mara 3, laini hujifunga mpaka iwekwe PUK, na akikosea PUK mara 10, laini hufa kabisa. Lakini ujue kwamba laini yenye PIN haitapokea simu baada ya kuwashwa upya mpaka PIN iwekwe. Hulinda pesa, lakini humzuia pia mwokotaji mwema kukupokea. Ukichagua hiyo, basi kikaratasi cha kwenye kava ni cha lazima.

6. Usiache chaji iishe kabisa ukiwa safarini au kwenye mkusanyiko. Ikifika asilimia 15, washa hali ya kubana matumizi ya betri, au zima vitu visivyo vya lazima. Saa moja zaidi ya uhai wa simu yaweza kuwa ndiyo saa utakayoipigia ikalia.

KUMBUKA

Piga na utume ujumbe. Funga pesa. Tafuta alama ya mwisho. Arifu vibanda vya kuchaji na mafundi. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa bloku na polisi. Usimtuhumu mtu kwa nukta ya kwenye ramani. Usimlipe anayedai kuiona simu iliyozima.

Tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma, na ubandike karatasi hii kwenye kibanda cha kuchaji kilicho karibu nawe, kwa idhini ya mwenye kibanda. Ukitaka kusaidiwa kuangalia mipangilio ya simu yako, mwone mhamasishaji wa jamii wa bloku yako. Msaada huo ni bure.